Meamea

Uyole, Mbeya
Mei 2025

Mwanangu mpenzi,

Umelala na soksi zako miguuni, kichwa umekizamisha ndani ya blanketi, maana baridi ya Uyole mwezi huu haina adabu. Ninaandika kwa tochi ya simu. Barua hii huwezi kuisoma leo, isipokuwa mstari wa mwisho. Ule ni wako kabisa, tena nimeuandika kwa herufi kubwakubwa. Hayo mengine nitayahifadhi pamoja na kadi yako ya kliniki, utayakuta.

Kwanza niwie radhi kwa ile "meamea".

Tangu Januari ulipoanza darasa la kwanza, kila jioni nikitoka sokoni nilikuwa nakukalisha juu ya ndoo niliyoigeuza, nakufundisha kama nilivyofundishwa mimi. Hii, m, inaitwa me. Hii inaitwa a. Me, a, me, a. Haya, soma! Nawe ukasoma kile ulichosikia: "Meamea." Nikakukaripia. Ukarudia vilevile, nikakunyang'anya daftari. Ukaniambia huku machozi yanakutoka, "Lakini mama, si wewe umesema ni me?" Nikitulia sasa naona ulikuwa sahihi kuliko mimi. Me na a ukiziunganisha unapata mea. Mahindi yanamea, nawe unamea, lakini mama hapo yuko wapi?

Mwalimu wako aliponiita nilijua ni habari ya mahindi ya uji. Shule haina ada tangu 2016, lakini uji hauji wenyewe. Kumbe alitaka nikae nyuma ya darasa lenu asubuhi moja tu. Nikamwachia jirani viazi vyangu, nikaja. Ulijifanya hunijui. Nilikuona lakini, ulikuwa unageuka kila mara.

Mnabanana, mwanangu. Nilihesabu vichwa hadi 80 nikachoka, na hapo kuna waliokuwa wameinama kutafuta penseli. Mwalimu hakupiga kelele. Alifunga midomo, akavuta: "Mmmmm." Nanyi wote mkafunga midomo, chumba kizima kikavuma kama mzinga wa nyuki. Kisha akafungua kinywa taratibu: "Mmmm-a." Ma. Hakuitaja me hata mara moja. Aliniambia baadaye kwamba jina la herufi mtalijua tu, haliendi popote, ila kinachosomwa ni sauti. Mkaichora m hewani kwa kidole, mkaichora juu ya dawati, ndipo mkafungua madaftari. Nami nilijikuta nachora hewani, mama mzima na kanga yangu, mtoto wa dawati la nyuma akanicheka.

Sisi hatukufundishwa hivyo. Mimi nilizaliwa Rungwe, cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho, hivyo nilipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili. Mara ya kwanza mkono haukufika, nikarudishwa nyumbani. Mwaka 2002 ukafika, nina miaka minane, na huo ndio mwaka ulipoanza MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, watoto tukafurika, wakubwa kwa wadogo, wengi chini sakafuni. Tulikariri. Mwalimu akisema mstari, tunaitikia mstari. Nilifika darasa la tatu nikiwa "nasoma" ukurasa mzima huku macho yako dirishani.

Ndiyo maana nilipoona mwalimu anafanya lile jambo la kidole gumba nilishtuka. Alikuita mbele. Ubaoni aliandika maneno matatu: kuku, kiti, kata. Ukayasoma mbio, moja mbili tatu, nami huku nyuma nikavimba kichwa. Basi akayafuta, akayaandika tena, safari hii kata likiwa la kwanza, akaliziba "ta" kwa kidole gumba. Ukasema, "Kuku." Ulikuwa unasoma kwa kumbukumbu, mwanangu, kama mama yako. Yeye hakukucheka wala hakukukemea. Akakuachia ile "ka" peke yake, akangoja. Alingoja sana, mimi nisingeweza. Ukavuta, "Kkk... a. Ka." Akaondoa kidole. "Kata!" Ukaruka juu. Hapo nilijifuta macho kwa ncha ya kanga, nikasingizia vumbi la chaki.

Kuna ile r nayo. Bibi yako akisema balabala, anasema barabara. Kinyakyusa chetu hakina r, na ulimi wako umelelewa na bibi. Nilidhani mwalimu angesema mnaharibu Kiswahili. Yeye akawaambia muwe bodaboda inayopanda mlima. "Rrrrrr!" Dawati la kwanza likawasha, la pili likawasha, hadi mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Bibi nimemwonyesha, amejaribu, meno yakataka kumtoka. Tumecheka hadi chai ikamwagika.

Hesabu sina wasiwasi nayo, ile ninaiona sokoni. Vizibo vya soda unavyookota kila duka vina kazi, sasa naelewa, na vile vijiti unavyovifunga kumikumi kwa raba pia. Fungu moja na kijiti kimoja: kumi na moja. Jina lenyewe limeshasema. Ila juzi uliniaibisha mbele ya mteja. Nimempimia sado moja ya viazi, nikamwekea vitatu juu, ukasema kwa sauti, "Mama, hiyo siyo moja, ni moja na vitatu." Nikakwambia nyongeza haihesabiwi. Ukanijibu kila kitu kinahesabiwa. Mteja akacheka, akaongeza sado ya pili. Bado nafikiri nyongeza haihesabiwi, tutaizungumza.

Wanasema mtaala wenu ni mpya, ulianza 2024, na ninyi mtamaliza la sita badala ya la saba. Jirani yetu ananiuliza kila siku kwa nini nisikupeleke shule ya Kiingereza, wa kwake anaimba majina ya siku zote za wiki kwa Kizungu. Anaimba vizuri, sikatai. Siku moja nilimzibia neno kwa kidole gumba. Sitaandika kilichotokea, ni mtoto wa watu.

Ndoo nimeirudisha kwenye kazi yake ya viazi. Jioni sikufundishi tena. Unanisomea, nasikiliza, na ukikwama nangoja. Nahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Jana nilifika saba.

Herufi mlizomaliza nimemuuliza mwalimu: irabu zote tano, kisha m, k, t, l. Nimekaa robo saa nzima natafuta sentensi isiyotoka nje ya hizo. Nitaikata kwa mkasi niibandike mlangoni, chini, usawa wa macho yako. Usimwulize bibi. Ukishaisoma, angalia nyuma ya mlango, kwenye msumari.

mama ameleta koti