Wanaowasaidia wakunga wapewe maboya na tochi

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee akina mama wanaojitolea kuwasaidia wakunga huku kwetu Igombe, kando ya Ziwa Victoria, na kwenye mialo ya jirani, yaani sehemu wanazotia nanga wavuvi.

Mkunga wa zahanati akiwa peke yake na mzazi chumbani, nani atamfuata yule aliyejifungua juzi akarudi nyumbani? Ni hawa. Binti yangu alipojifungua, mmoja wao alikuja siku ya 3 akamkuta mtoto hanyonyi, amelegea, mwili umepoa. Sisi tulidhani ni usingizi tu. Hakutoa dawa wala hakubishana nasi. Alimweka mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika kwa kitenge, akampigia mkunga simu na kuita bodaboda. Tulifika zahanati kabla giza halijaingia.

Leo mjukuu wangu ana miezi 4. Mama yule bado anapita kutukumbusha kuwa asipewe maji wala uji mpaka atimize miezi 6, na kwetu sisi bibi, tuliolea kwa namna nyingine, ukumbusho huo una kazi.

Wenzao wa visiwani huvuka kwa mtumbwi, hata ziwa likichafuka. Naziomba serikali za mitaa na vikundi vya wavuvi viwanunulie maboya ya kujiokoa, tochi na makoti ya mvua, na wapewe nauli. Hawajawahi kutuomba hata shilingi.

Bibi wa Igombe,
Ilemela, Mwanza