Tuzo za insha za falsafa zinawaacha nje watu wenye uwezo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hizi tuzo za insha za wanafalsafa wanaoanza kazi, maana kila ukisoma masharti unakuta yaleyale, uwe umemaliza PhD ndani ya miaka 5 au usizidi miaka 35, uwe na ajira chuo kikuu, ulete na barua ya mkuu wa idara, halafu chini kabisa wanasema insha isiwe na jina lako kwa sababu majaji watasoma bila kujua nani kaandika. Sasa kama majaji hawatakiwi kumjua mwandishi, hayo mengine yote pale mlangoni ya nini?

Enzi za akademi za Ulaya karne ya 18, yaani vyama vya wasomi, walikuwa wanatoa swali moja, anayetaka anajibu. Juu ya insha unaandika msemo fulani uliouchagua, jina lako unalitia kwenye bahasha iliyofungwa yenye msemo uleule, na bahasha inafunguliwa ukishinda tu. Kwa njia hiyo mwanafalsafa Rousseau alishinda tuzo ya Akademi ya Dijon, Ufaransa, mwaka 1750, ana miaka 38 na chuo kikuu hajawahi kusoma. Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, naye alipoingia shindano la Akademi ya Berlin la 1763 alikuwa anakaribia miaka 40, anafundisha bila kiti cha uprofesa, analipwa na wanafunzi wenyewe wanaokuja kumsikiliza, na uprofesa wenyewe aliupata 1770. Kwa masharti ya sasa wote wawili insha zao zisingefunguliwa hata ukurasa wa kwanza.

Na Kant hakushinda jamani, aliyeshinda ni mwanafalsafa mwenzake Moses Mendelssohn, ila akademi ikasema wazi kwamba insha ya Kant ilimkaribia sana mshindi na ikazichapisha zote mbili pamoja mwaka 1764. Hiyo ndiyo heshima ya mtu aliyefanya kazi.

Wanaoumia na haya masharti nawafahamu, kwa sababu na mimi nafundisha kwa mkataba wa muhula, ukiisha sina chuo wala idara ya kuniandikia barua. Yupo dada aliyesimama miaka kadhaa akilea watoto, yupo aliyekuwa anauguza mzazi, yupo anayefundisha sekondari mchana na kuandika falsafa usiku, na hawa wote bado wanaanza kazi hata kama umri umesogea. Naelewa waandaaji hawataki maprofesa wakubwa waje kuwabana wadogo, hilo ni sawa kabisa, basi waseme tu kwamba mwenye ajira ya kudumu ya muda mrefu asiingie, inatosha, umri wauache.

Jambo jingine ni majibu. Mtu anasubiri miezi halafu anapata imeili ya mistari miwili kwamba ushindani ulikuwa mkali, basi. Schopenhauer, mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani, mwaka 1840 alinyimwa tuzo na Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Denmark wakati mshiriki alikuwa peke yake, lakini angalau walimwandikia sababu, kwamba swali hajalijibu sawasawa na kwamba kawataja wanafalsafa wakubwa bila adabu. Alikasirika sana, ila mwaka uliofuata akaichapa insha yake pamoja na hukumu yao, akawajibu hoja kwa hoja, na mpaka leo msomaji anaweza kupima mwenyewe nani alikuwa na haki. Imeili ya mistari miwili utaijibu nini?

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji ni kila aliyeshiriki apewe hata aya moja, hoja yako imeshikilia hapa, hapa imelegea. Insha hizi huwa za maneno 8,000 hadi 10,000, mtu kaikalia miezi, na jaji keshaisoma na kuandika maoni yake pembeni ili akabishane na wenzake kikaoni, kumtumia mwandishi hayo maoni bila jina la jaji ni kazi ya dakika chache tu.

Mhadhiri wa mkataba