Barua kutoka Lushoto

Lushoto, Juni

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenikalia kifuani na vidole vinaandika kwa kusuasua. Juzi kwenye simu uliniuliza kama nimeshaupata ule utulivu niliokuwa nikiwahubiria pale kijiweni. Nilikujibu kwa mkato, chaji ilikuwa inakata. Leo nakujibu sawasawa, na ukitaka kucheka, cheka.

Unakumbuka nilivyoondoka Dar? Begi moja, sufuria moja, jembe. Nikawaambia mtu hahitaji zaidi ya hapo. Basi mwezi wa pili tu fuso likapanda kutoka Mombo, likazikata kona zote za Soni, limebeba godoro, mapazia, kabati la vitabu na maboksi. Watoto wa hapa waliyahesabu kwa sauti yakishushwa: kumi na tisa. Mzee mwenye nyumba akatazama weee, kisha akaniuliza, "Mwanangu, si ulisema unahamia peke yako?"

Bustani tuiache. Karoti nanunua kwa jirani, bei ileile anayowauzia wenye lori la Kariakoo, na nashukuru.

Kupika, niliapa nitapika kwa kuni kama wazee wetu. Kuni zenyewe analeta bibi mmoja, umri wa mama yangu, anateremka alfajiri na mzigo kichwani, miguu pekupeku kwenye umande. Nilikuwa nimeshazoea kumpokea na kumsifia, "Bibi, una nguvu!" Siku moja nikamuuliza anazitoa wapi. Akanyoosha kidole juu, upande wa msitu wa Magamba. Kaka, mimi ndiye niliyewaambia mbega wa msitu ule ni ndugu zangu! Nikanunua jiko la gesi. Sasa mtungi unapandishwa kwa bodaboda, na bibi anapita mlangoni haniangalii.

Lakini lililoniuma ni ua. Kuna ua dogo la zambarau, katikati njano, majani yana manyoya laini kama sikio la paka. Linaota kwenye miamba yenye unyevu, kivulini. Ndilo lile ambalo ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mwaka 1892, na leo limejaa madirishani Ulaya nzima. Kila mgeni akija namsimulia kisa hicho kwa hasira, utadhani liliibwa uani kwangu. Basi Jumapili moja nimeteremka kijitoni, nimelikuta limechanua jiwe zima. Nikachomoa shina moja kwa kisu cha mezani, nikalifunga kwenye leso, nikalipanda kwenye kopo la maziwa. Nikaliweka wapi? Dirishani. Nikalimwagilia asubuhi na jioni, kwa mapenzi kabisa. Siku ya tisa majani yalilala kama mchicha uliochemshwa. Nilipolivuta, mizizi ilikuwa imeoza, ikabaki kwenye udongo. Kopo bado lipo pale, sijapata moyo wa kulitupa.

Na hili usimwambie mtu. Nyumba hii niliipendea kwamba huku bondeni mtandao haushiki. Sasa kila jioni napanda mgongo wa mlima, mwendo wa dakika ishirini, kutafuta vijiti viwili vya mtandao nijue Simba kafanya nini. Nimeshachonga njia kwenye nyasi, inaonekana hadi barabarani. Mzee mwenye nyumba ananiheshimu sana kwa safari hizo. Anadhani napanda kuomba Mungu, na mimi sijamsahihisha.

Ukiniuliza kama nitarudi mjini, sirudi. Asubuhi ukungu ukipanda kutoka bondeni nasahau hata kudanganya.

Ukija Agosti niletee blanketi zito na betri za tochi. Mtungi umeisha jana usiku, mwenye bodaboda hapokei simu. Alfajiri nimesikia hatua za yule bibi njiani, nikatoka na shuka mabegani, nikamwita. Amesimama, ila mzigo hajautua bado.

Wako yuleyule,
Mkimbia mji