Friza za Pemba nazo ni betri, zihesabiwe kwenye mipango ya umeme wa jua

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, mana jambo hili nimekaa nalo muda mrefu na kila nikisikia watu wanazungumzia umeme wa jua naona kuna sehemu moja inarukwa. Mie ni fundi friji, nafanya kazi Wete na vijiji vya jirani, kwa hiyo umeme siujui kwa makaratasi, naujua kwa kompresa zilizoungua ambazo kila wiki nazifungua.

Juzi juzi niliitwa na mama mmoja pale Jadida, ana friza mbili zile za kufunulia juu, anagandisha barafu kwenye vidumu vya lita 5 alivyovikata midomo, anawauzia wavuvi na wachuuzi wa samaki. Siku ile umeme ulikatika baada ya magharibi, ukarudi, ukakatika, ukarudi tena. Nilipofika friza moja inanguruma sekunde chache halafu tik, inanyamaza, inakaa kidogo inajaribu tena, tik. Nikatoa mita yangu nikapima kwenye soketi nikakuta volti 168 wakati inatakiwa iwe 230. Nikamwambia bibie zima zote mbili tusubiri, lakini moja ilikuwa ishakwenda, waya wa ndani umeungua na harufu yake fundi yeyote anaijua kabla hajafungua kitu. Yeye kasimama mlangoni na kile kidumu mkononi, barafu imeshaanza kulegea, na alfajiri wavuvi wanakuja kuchukua.

Sasa kilichotokea ni hivi. Umeme ukikatika nusu saa, kila friji na friza ya mtaa inapata joto, ukirudi zote zinawaka kwa pamoja, na mota ya friji inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara 5 au zaidi ya ule inaotumia ikishatulia. Transfoma inalemewa, volti inashuka, mota zinashindwa kuzunguka na zinazidi kuvuta, laini inaanguka tena. Simlaumu mtu hapa, laini yenyewe haina njia ya kujua nani anavuta nini na saa ngapi, na vyombo vyetu havina njia ya kuambiwa subiri kidogo, wewe utawaka baada ya dakika 3, mwenzio baada ya 5. Gridi janja, yaani laini ya umeme inayoweza kujua nani anavuta nini na kuviambia vyombo visubiri, kwangu mie inaanzia hapo. Watu wakisikia gridi janja wanafikiri ni makompyuta kwenye jumba fulani mjini, kumbe hata kifaa kidogo kwenye plagi kinachochelewesha friza isiwake palepale umeme unaporudi nacho ni sehemu yake.

Na sie Pemba tuna sababu ya kulifikiria hili kuliko wengine. Kisiwa kina watu zaidi ya laki tano kwa sensa ya 2022, na umeme wetu unatoka Tanga kwa waya mmoja wa baharini wa kilovolti 33 uliowashwa 2010 kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo tulikuwa na majenereta ya dizeli ya Wesha, wakubwa wanakumbuka. Waya ule ni neema, sisemi vyengine, lakini waya ni waya. Ndugu zetu wa Unguja wao wana waya wa 1980 na ule mwengine wa megawati 100 uliokuja 2013 kwa fedha za Marekani, na waliupata huo wa pili baada ya kuonja shida ambayo haisahauliki, mana 2008 walikaa gizani karibu mwezi, halafu kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 miezi mitatu, maji hakuna mana pampu hazifanyi kazi, kila duka lina jenereta nje na moshi mtaa mzima. Kwa hiyo mtu akiniambia Pemba tuzalishe angalau sehemu ya umeme wetu hapa hapa kwa jua, mie niko naye asilimia mia.

Unguja tayari kuna mpango wa sola ya megawati 18 Makunduchi, pamoja na betri, kwenye ule mradi mkubwa wa nishati wa Benki ya Dunia uliopitishwa 2021. Vizuri sana. Lakini jua lina tabia yake. Linatoa zaidi saa 6 na saa 7 mchana, wakati huo nyumba nyingi watu wako kazini, skuli, shamba, baharini. Magharibi ikiingia jua limeshakwenda na ndo kila mtu anarudi, taa, feni, tivii, pasi, na Ramadhani usiseme, mana kuanzia kuandaa futari mpaka watu watoke tarawehe mtaa mzima uko macho. Umeme unapatikana mchana na unahitajika usiku, na betri kubwa za kuubeba kutoka mchana kwenda usiku zina gharama.

Hapo ndo nasema tutazame friza. Kilo moja ya barafu ili iyeyuke inahitaji kilojuli 334 za joto. Friza ya yule mama ikiwa na kilo 100 za barafu, imeweka ndani yake ubaridi wa karibu uniti 9. Hiyo ni betri, haina risasi wala lithiamu, na ameshainunua kwa pesa yake mwenyewe. Friza ikigandishwa sawasawa saa 5 mpaka saa 9 mchana, jua likiwa juu, unaweza kuizima kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku kifuniko kimefungwa na asubuhi barafu iko vilevile, hili nimelijaribu mara nyingi kwa wateja wangu na hajalalamika hata mmoja. Sasa chukua friza zote za wauza barafu, wauza samaki, wauza malai na juisi, na vyumba vya baridi bandarini, zote zipumzike magharibi, utaona transfoma zinavyopata nafasi ya kupumua.

Ila mtu hatofanya hivyo bure. Mita zetu za Tukuza, zile za kulipia kabla, unaingiza namba, uniti zinaingia, zinashuka, basi, na uniti ya saa 7 mchana ni sawa na uniti ya saa 1 usiku. Ikija mita inayojua saa, na uniti ya mchana ikawa rahisi kidogo, yule mama wa Jadida hahitaji semina, siku ya pili tu utamkuta anagandisha mchana.

Kuna jengine nalo linanikera. Watu wanaofunga paneli juu ya mabati wanaongezeka na nafurahi, lakini nimeona nyumba moja karibu na kwangu saa 6 mchana betri zimeshajaa, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa laini) inasema imejaa, na paneli sita zimekaa juani hazina pa kupeleka umeme, na hatua ishirini kutoka pale jirani anavuta umeme uliotoka Tanga. Kungekuwa na mita ya kuhesabu pande mbili, unaoingia na unaotoka, ule umeme ungemfaa jirani na mwenye paneli akapata uniti zake usiku.

Lakini hili lifanywe kwa utaratibu, naomba sana, mana wenzetu walishaumia. Ujerumani walifunga sola nyingi juu ya mapaa na inveta zote ziliwekwa zijizime mzunguko wa umeme, yaani mara ngapi umeme unageuka mbele na nyuma kwa sekunde, ukifika hezi 50.2 badala ya 50 ya kawaida. Moja ikijizima si neno, lakini wakagundua siku jua ni kali na mzunguko ukapanda kidogo tu, zote zingejizima kwa wakati mmoja na gridi ingeanguka. Mwaka 2012 wakatoa amri zirekebishwe, zaidi ya laki tatu, nyumba kwa nyumba. Sisi bado inveta zetu ni chache, kanuni ya vipi inveta ijizime na vipi irudi polepole itungwe sasa kabla meli za paneli hazijajaa bandarini.

Na huo mzunguko wa hezi 50 una faida nyengine ambayo watu hawaijui. Ni mmoja kwa gridi nzima, kwa hiyo mtambo mkubwa wa umeme wa maji ukizimika ghafla Kidatu kule bara, soketi ya Wete inahisi palepale, mzunguko unashuka kidogo. Kifaa kinachosoma mzunguko kikiwa ndani ya friza kinaweza kuizima chenyewe kwa dakika chache mpaka hali itulie, hakitaki intaneti wala simu. Barafu haitojua kama imezimwa.

Najua kuna visiwa vina njia nyengine, kama El Hierro ya Uhispania ambako tangu 2014 upepo unapandisha maji mlimani na maji yakishuka yanazalisha umeme, na 2019 walikaa siku 24 mfululizo bila ya dizeli. Sie hatuna mlima wa namna hiyo, vilima vyetu ni vya mikarafuu. Upepo wa kusi tunao na unakuja ile miezi ya baada ya masika, nao upimwe. Lakini friza tunazo tayari, leo.

Ombi langu kwa wanaohusika na umeme na udhibiti wake ni dogo. Chagueni transfoma moja tu ya Wete, muifunge mita za kujua saa na hivyo vifaa vya kuchelewesha kwenye friza zote zilizo chini yake, mupime volti ya magharibi kabla na baada, miezi mitatu mumalize. Kazi ya kufunga kwenye friza mie na mafundi wenzangu tutaifanya bila ya malipo, na nyumba ya kuanzia naijua.

Ahsante Mhariri.

Fundi friji,
Wete, Pemba