Barua ya Wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Kenya: Wanaokamatwa Ijumaa Jioni

Mheshimiwa Inspekta Jenerali,

Kijana wa jirani yangu, mwendesha bodaboda, alikamatwa Ijumaa moja mwendo wa saa kumi na mbili jioni, akaambiwa apande gari kwanza, mengine atayajua mbele. Huko mbele hakuambiwa neno. Mama yake alipofika kituoni kuuliza mwanawe amefanya nini, alijibiwa arudi Jumatatu. Kituo sikitaji, kwa kuwa sikukusudia kumshtaki askari mmoja. Neno langu ni juu ya hiyo Ijumaa yenyewe.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita. Lakini saa hizo zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, muda husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata, kwa hiyo anayetiwa mbaroni Ijumaa jioni anaweza kulala seli siku tatu pasipo sharti hilo kuvunjwa. Nafasi hiyo iliachwa kwa sababu mahakimu nao hupumzika. Haikuachwa ili wikendi igeuzwe adhabu ya mtu ambaye hajahukumiwa.

Yasiyongoja Jumatatu ni mengi, na ndiyo ambayo raia wengi hawayajui. Kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoifahamu mtu, na kwamba ana haki ya kunyamaza, ni jambo la papo hapo; kuwasiliana na wakili au mtu wa kumsaidia, vivyo hivyo. Kifungu hicho pia kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Tena mkuu wa kituo aweza kumwachilia mshukiwa kwa bondi isiyolipiwa hata shilingi, au kwa dhamana ya pesa taslimu, ambayo hutolewa risiti na baadaye kurudishwa. (Pesa isiyo na risiti ina jina lake, na sote twalijua.)

Naomba uwaamuru wakuu wote wa vituo wabandike maneno ya Kifungu cha 49 kwa Kiswahili mkabala na meza ya ripoti, pale anapoweza kuyasoma mama aliyekuja na chupa ya chai, na kila Ijumaa kabla ya giza wakague OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, ili kila jina liwe na kosa na saa ya kukamatwa, na wa makosa madogo waende kwao.

Kijana yule aliachiliwa Jumatatu bila kushtakiwa lolote. Pikipiki yake ingali kituoni.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Pwani