Kasisi Taylor si "mmishonari mmoja"

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimelisoma gazeti lako na kulikunja bila kunung'unika, hata mlipoihamisha Mwarakaya yetu ya Kilifi mkaipeleka Kwale. Ila makala yenu ya Jumamosi kuhusu ua la zambarau la Usambara imenishinda kumeza. Mmempa Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, ukurasa mzima na picha, kisha mkamalizia kwa kusema kwamba "mmishonari mmoja wa Kiingereza" naye aliwahi kuliona.

Huyo mmoja ni Kasisi William Ernest Taylor, aliyezaliwa mwaka 1856, akasoma Oxford, akatumwa Mombasa na Church Missionary Society. Mwaka 1887, alipokuwa akikusanya mimea katika nchi ya Wagiriama na vilima vya Shimba, kielelezo chake cha ua hilo kilipelekwa Kew, bustani kuu ya mimea ya Uingereza, na Sir John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alikuwa amekwisha kupeleka chake mwaka 1884. Vyote viwili vilionekana havitoshi kuelezwa kitaalamu, na aliyewahi kukausha mimea hapa pwani hatashangaa: jani lake ni nene, limejaa maji na limeota manyoya kama sikio la mwanambuzi, nawe usipobadilisha karatasi kila siku, ukungu unakutangulia. Baron alimpelekea babake Ujerumani mbegu au mmea wenye uhai, ua likamfikia Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, naye mwaka 1893 akalipa jina la familia yao, Saintpaulia. Kwa hiyo aliyeshinda ni yule ambaye ua lake liliota Ulaya.

Kilichonikera zaidi ni pale mlipoandika kwamba wamishonari hao walikuwa "wakiokota majani kwa kujiburudisha". Mimi ni Mwislamu, sina haja ya kumtetea padre, na mahubiri yake sokoni Mombasa hayakuwafurahisha wazee wetu. Lakini mtu huyo ndiye aliyekaa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wakayakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, wakati waliokuwa nayo kifuani walikuwa wanapungua. Bila karatasi zile William Hichens asingepata cha kuchapisha mwaka 1940, nasi tungekuwa tunamsomesha Muyaka kwa uvumi. Mwaka 1891 alitoa kitabu cha methali za Kiswahili na kingine cha maneno ya Kigiriama. Jicho lililotofautisha jani na jani ndilo lililotofautisha lafudhi na lafudhi, na mwandishi wenu angetumia dakika chache tu kuuliza angelijua hilo. Wala hakuwataja Wagiriama waliomwongoza na kumbebea mizigo, ingawa hakuna padre aliyefika kwenye majabali yale kwa ramani.

Mwaka jana niliingia duka moja la maua mjini Mombasa nikaliona ua lenyewe, limepandwa katika kikopo cha plastiki, limefungwa utepe. Nikamuuliza binti wa dukani lilikotoka. "Ulaya, mzee, na tafadhali usilishike." Nikamwambia kwamba ndugu zake wanaota mwambani karibu na kwetu, na kwamba nilipokuwa mtoto mbuzi wetu walikuwa wakipita juu yao. Akaniangalia, akamtazama mlinzi, na tangu hapo mlinzi akanifuata nyuma hadi mlangoni, kana kwamba nilitaka kutoroka na kikopo.

Na kwa kuwa mmeandika kwamba ua hilo "liko salama madirishani mwa dunia nzima", njooni Kilifi. Aina ya kwetu, ambayo mtaalamu wa mimea B. L. Burtt aliieleza mwaka 1964 kwa jina la rupicola, inashikilia mawe ya chokaa yenye kivuli na unyevu, kama ya Cha Simba, na haina pengine pa kwenda. Chokaa hiyo hiyo ndiyo inayotafutwa kwa ujenzi. Malori yanapita mlangoni kwangu tangu alfajiri, vumbi linatua juu ya chai, baruti inatikisa mabati, na kila nikilalamika naambiwa nipeleke barua kwa ofisi nyingine, ambayo nayo hunirudisha kwa ile ya kwanza. Mmea wa dirishani Ulaya hautausaidia mwamba uliokwisha kusagwa, ila labda mwandishi wenu anaona mwamba nao unaweza kupandwa kikoponi.

Nataka masahihisho. Yachapwe ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule na rangi ile ile ya zambarau, si kule chini ya tangazo la wachimbaji visima. Jina liandikwe kamili, Kasisi William Ernest Taylor, na la Mwalimu Sikujua liandikwe kando yake. Mkimaliza, mwandishi wenu aje na viatu vya kukwelea. Nitampa mbuzi wa kumwongoza, maana yule hahitaji kutajwa gazetini. Nitayatafuta masahihisho hayo kila Jumamosi kwa kinyozi wangu, kwa sababu kulinunua gazeti lenyewe nimekwisha kuacha.

Mwalimu mstaafu,
Kaloleni, Kilifi