Kumkumbuka Mzee Ojwang': mahali pamebadilika

Hamjambo wanakikundi,

Alasiri yetu ya kumkumbuka Mzee Ojwang', yule mchekeshaji wa runinga, iko palepale, Jumamosi tarehe 12 Julai 2025, miaka 10 kamili tangu Benson Wanjau (ndilo jina lake halisi) atutoke. Kilichobadilika ni mahali. Ukumbi umepewa wenye harusi, nasi tumeambiwa jana usiku! Basi tukutane kwa mweka hazina, Buruburu, saa 9 alasiri.

1. Mchango ni shilingi 300, kwa M-Pesa ya mweka hazina, kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Ni za chai, mandazi na kukodi viti.
2. Mwenye kanda za zamani za vipindi vyake vya Vitimbi au Vioja Mahakamani aje nazo. Deki ya video ninayo, humeza kanda mara mojamoja, lakini huitapika.
3. Vijana wetu wawili wataigiza Ojwang' na Mama Kayai, mkewe katika Vitimbi, wakizozana. Poda ya kupaka nywele mvi ipo, msiichezee.

Kila mtu aje na kisa kimoja anachokikumbuka. Mzee alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi ile ya Kijaluo aliivaa hadi wengi wetu tukaapa ni mtu wa Kisumu. Mimi nitaanza na macho yake: akimtolea tu Mama Kayai, sebule nzima ilikuwa hoi kabla hajatamka neno.

Tafadhali jibuni "Naja" pamoja na idadi ya mtakaoandamana nao, mwisho Jumatano jioni, nijue viti vingapi. Watoto hawalipi.

Asanteni, tuonane Jumamosi.